Faini ya nguvu za farasi inakwepwa kwa mguu

Mhariri,

Katika madaraja ya Stock na Super Stock ya NHRA, chama cha Marekani cha mbio fupi za magari za kunyooka, injini inayokimbia kasi kupita kiasi huongezewa nguvu za farasi kwenye makaratasi, na gari hubebeshwa uzito zaidi. Wanaodai kuwa faini hizo ni kali mno wamekosea shabaha. Kasoro yake ni kwamba dereva huikwepa kwa kuondoa mguu kwenye mafuta tu.

Tupige hesabu. Daraja hupatikana kwa kugawa uzito wa gari kwa nguvu ambazo waandaaji wameipangia injini. Kwenye daraja la pauni 10 kwa kila nguvu ya farasi, injini ya 300 hubeba pauni 3,000. Ikiongezewa 3 kwenye makaratasi, gari linabeba pauni 30 zaidi, yaani kilo 13 na nusu. Muda wa robo maili hufuata kipeuo cha tatu cha uzito kwa nguvu, hivyo gari la sekunde 10.50 linapoteza takriban 0.035. Fundi akifunga vyuma hivyo nyuma ya ekseli, matairi yanashika vizuri zaidi wakati wa kuondoka na sehemu ya hasara inarudi.

Faini inauma mnapokutana wa daraja moja. Kwa kawaida kila dereva hutangaza muda atakaokimbia, na mwenye gari la polepole hutangulizwa; hapo hakuna kupeana nafasi hiyo. Na inawaangukia wote wenye injini ya aina hiyo, hata asiyewahi kukimbia kwa kasi iliyoileta.

Basi watu huondoa mguu kwenye mafuta kwenye futi 1,000, kabla ya futi 1,320 za robo maili kwisha, na ubao unaonyesha muda wa kistaarabu. Lakini mitambo hupima pia futi 60, 330 na 660. Muda wa mkimbio safi wa magari haya ni takriban mara 1.57 ya muda wa futi 660. Aliyepita hapo kwa 6.68 angemaliza karibu na 10.49; akimaliza kwa 10.90, breki zilifanya kazi. Faini ikokotolewe kutoka futi 660, baada ya kurekebisha tofauti za hewa: kila futi 1,000 za mwinuko hula karibu asilimia 3 ya nguvu za injini isiyo na tabo, kama sekunde 0.1 hapa. Vinginevyo tunamtoza mtu kwa baridi ya asubuhi, maana hewa baridi huipa injini nguvu zaidi.

Atakayeamua kuondoka kivivu hanaswi kwa hesabu hiyo. Huyo anahitaji chambo: zawadi ya maana kwa anayeongoza kufuzu na kwa mshindi wa daraja. Kwa sasa kuongoza kufuzu kunampa nafasi nzuri kwenye ratiba ya mchujo, halafu raundi ya kwanza, akikutana na wa daraja jingine, anajitangazia muda wake na nguvu alizoonyesha hazimfai kitu.

Msomaji wako