Mwanaidi, mfuniko usiuguse

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima. Bi Tatu anakusalimu, na bado haamini kwamba chai ya huko Ulaanbaatar, Mongolia, inatiwa chumvi badala ya sukari. Mwambie mwenyewe, mimi kanikatalia.

Sasa hiyo tsuivan, tambi za Kimongolia za nyama na mboga. Nimeiona picha ya sufuria na nimecheka, nisamehe. Tambi umeziandaa, lakini umepakua ugali wenye nyama ndani.

Unga hauna kosa, kosa ni maji. Tsuivan haichemshwi. Tambi zinaiva kwa mvuke wa nyama na mboga zilizo chini yake. Kwa watu wanne chukua unga wa ngano nusu kilo na maji robo lita, kanda mpaka kinyunya kiwe kigumu kuliko cha chapati, kifunike kipumzike dakika 20, ndipo ukisukume kiwe chembamba. Halafu kipake mafuta kote, mpaka pembezoni, ukikunje na ukikate vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Ukiruka mafuta, tambi zitashikana hata uzibembeleze vipi. Kaanga nyama pamoja na shahamu yake, tia kitunguu, karoti, viazi na kabichi, kisha mimina maji yasizidi usawa wa mboga. Tambi tandaza juu bila kushindilia, funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20.

Na mfuniko usiuguse! Naujua mkono wako. Ukifunua kila mara mvuke unapotea, tambi zinabaki mbichi, unaona kumekauka, unaongeza maji, na ugali ndipo unapozaliwa.

Umelalamika kwamba wiki nzima ni nyama na unga. Ndivyo, na baridi ikikolea utaona zaidi. Kinyunya ni kilekile, kinachobadilika ni kisu. Ukikikata tambi na kuzitia kwenye supu ya nyama, ni guriltai shul, chakula cha jioni cha siku yoyote. Kikifungwa na nyama ndani na kukaangwa ni khuushuur, fikiria sambusa pana na bapa. Unga ukivurugwa na maji kidogo mpaka uwe punje punje, kisha ukamwagwa kwenye supu, ni bantan, uji wa wagonjwa na wa walioamka na kichwa kizito. Siku ya wali wa nyama ndiyo ya kupumzisha mikono. Buuz, vifuko vya kinyunya vyenye nyama vinavyopikwa kwa mvuke, zinangojea Jumapili kwa kuwa zinataka watu wengi mezani: nyama ikatwe kwa kisu, ichanganywe na shahamu, kitunguu, saumu, kisibiti na vijiko viwili vitatu vya maji ili mchuzi ubaki ndani. Chini zichovye mafuta zising'ang'anie chombo cha mvuke. Zikiiva, utamwona mama mwenye nyumba akizipepea kwa mfuniko. Usidhani anafukuza nzi, upepo ndio unaong'arisha ngozi ya buuz.

Lile la nyama uliloliuliza kwa kunong'ona, kama ni halali, liseme wazi kwa wenyeji wako, tena wiki hii. Kwa mila ya Wamongolia kondoo hupasuliwa kidogo kifuani, mkono ukaingia kukata mshipa mkubwa, damu ikabaki ndani isimwagike chini. Basi usile kwa kukisia. Wakazakhi ni Waislamu, na Nalaikh, upande wa mashariki wa jiji, wapo wengi. Huko ndiko kwa kuulizia nyama ya halali. Ninakuharakisha kwa sababu Novemba na Desemba ndiyo miezi ya idesh: familia inaweka nyama ya majira yote ya baridi kwa mkupuo, ng'ombe wa kugawana na jamaa au kondoo kadhaa, wakiwa bado wamenona kwa majani ya kiangazi. Baraza ya ghorofani inageuka friza. Wanangoja baridi ishike kwanza, maana nyama ikiganda na kuyeyuka mara mbili tatu inaharibika. Ikishapangwa pale, kuomba yako ya pembeni itakuwa taabu kwako na kwao.

Wakikuambia usile mbuzi ukiwa na mafua, usibishane. Kwao kondoo na farasi ni nyama ya moto, mbuzi na ng'ombe ni ya baridi.

Nimesahau jambo la tsuivan. Zikiiva, funua uziache zipate hewa dakika mbili tatu kabla ya kuchanganya, na uchanganye kwa uma mbili ukiziinua. Mwiko utazikatakata.

Haya nijibu. Sufuria yako mfuniko unakaza au unacheza? Mboga nani anakata, wewe au yule binti? Aaruul, ile maziwa mgando yaliyokaushwa mpaka yakawa magumu, umeshaitafuna, au unaimung'unya kama inavyotakiwa? Na kwa Shemeji umemwandikia, au bado mmenuniana?

Wako,
Rukia