Shoga yangu, inuka hapo kitandani

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama naye anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili na machozi yakanilengalenga, maana maneno yako ndiyo niliyokuwa nayasema mimi mwaka jana: kiuno kinawaka, huinuki kwenye kiti bila kushika meza, usiku hujui ulalie ubavu gani. Tena unasema hii ni wiki ya pili umejilaza, na mkanda wa kufunga kiuno umeshanunua.

Shoga, inuka hapo.

Sidharau maumivu yako. Mimi kwenye cherehani nilikaa saa mbili asubuhi hadi magharibi, msimu wa sare za shule ndiyo usiseme, na mgongo ukanikamata miezi minane. Nikaambiwa nilalie ubao, nisiiname, nisibebe kitu. Nikatii. Kadiri nilivyolala ndivyo nilivyokakamaa, mpaka viatu nikawa navalishwa na mwanangu.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja wa fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi ya viungo. Kwanza aliniuliza kama nina ganzi sehemu za siri, kama mkojo unanitoka bila kujijua, kama mguu umekosa nguvu. Jiulize na wewe leo hii. Ukiwa na hata kimoja, mazoezi yasubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha akatandika mkeka. Nikapiga magoti, viganja chini, kama mtu anayedeki. Akaniwekea kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno: nyoosha mkono wa kulia mbele, mguu wa kushoto nyuma, maji yasimwagike. Sijafika tatu yakamwagika, yakanitiririka mbavuni, baridi. Sasa nahesabu hadi kumi huku napumua, nashusha taratibu, nabadilisha upande. Mara sita kila upande, kila alfajiri nikishaswali.

Zoezi la pili, lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, ukizoea kwa viganja, nyonga zibaki chini. Hili lilianzia New Zealand mwaka 1956: mgonjwa wa Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa huko, alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, haikukusudiwa, na baada ya dakika chache maumivu ya mguu yakawa yamemtoka. Kwa hiyo yasikilize maumivu yanakoelekea. Yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, endelea, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo. Yakishuka mguuni, liache.

Mkanda jaribu kuurudisha dukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haushauri mikanda kwa maumivu sugu ya mgongo, unashauri mazoezi.

Sitakuficha, wiki ya kwanza nilihisi kama nimetwangwa. Nilianza kwa kutembea dakika kumi tu, nikaongeza kidogo kidogo. Wiki ya sita niliinua ndoo ya maji bila kufikiria, nikashtuka nimeshaitua jikoni. Kazini siku hizi, kila nusu saa nasimama, napiga goti moja chini na kusukuma nyonga mbele, maana kukaa sana kunakaza misuli ya mbele ya nyonga. Wateja wameshazoea.

Kesho baada ya magharibi nitakupigia. Tandika mkeka, simu iweke chini karibu na kichwa, tuhesabu pamoja.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa cherehani