Kabla hujapanda basi, soma hii

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku Amu, Lamu mjini, tu wazima alhamdulillahi. Nimefurahi mno kusikia ushakata tiketi, ila ulivosema utafuata ramani ya simu mpaka mlangoni nimeona nikuandikie kwa urefu, manake nataka ufike bila kuhangaika na mizigo.

Ramani idaunlodi ukiwa bado Mombasa, usingoje Mokowe pale basi linapoishia upande pandia boti, ukishapita Garsen netiweki huja na kupotea. Watu wengi wanadhani bila bando simu haijui ulipo, sivo, GPS inasikiliza setilaiti moja kwa moja hata laini usiwe nayo, kinachokosekana ni ramani yenyewe ndo unaona kidoti cha buluu kiko peke yake kwenye kijivu. Alafu kuna hili, Google Maps ukiitumia bila intaneti inakupa njia ya gari tu, ya miguu haikupi, na mitaani kwetu gari utalipitisha wapi na punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hubidi angoje mwenzake apite? Weka na app ya Organic Maps, hio hata neti isipokuepo inakuelekeza kwa miguu. Ramani yake inatoka OpenStreetMap, ile iliyoanzishwa Uingereza 2004, watu wenyewe ndo huchora mitaa yao, na mimi nimeingiza kichochoro chetu humo kwa mkono wangu.

Ukishuka gatini kidoti kitakua sawa kabisa, pale ni wazi. Ukiingia mtaa wetu wa Mkomani ndo kinaanza kuruka. Kuta za mawe ya matumbawe, nyumba za gorofa mbili tatu zimebanana, juu kuna wikio limeunganisha nyumba na nyumba, mbingu unaiona kama utepe, kwa hivo mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kwanza ndo yafikie simu, yanachelewa kidogo na simu inakuona uko sebuleni kwa jirani. Hapo usiikimbize, simama. Mshale ukielekea kusiko, zungusha simu hewani kama unaandika nane, dira itakaa sawa.

Pini ya kwetu, ile alama ya ramani, nakutumia WhatsApp leo. Nimepanda juu darini ndo nikaichukua, mahali pasipo na ukuta, nikangoja mpaka ile duara ya buluu ikawa ndogo, basi usitumie ile ya zamani.

Na njia yenyewe ni hii: uwanjani Mkunguni ipe bahari mgongo, ngome ikukabili, shika usita wa Mui, ile njia kuu, mkono wa kulia, tembea mpaka wikio la kwanza, chini yake kuna mlango wa kuchonga uliobaki na pete moja, hapo ingia kichochoro cha kushoto, upande mlima kidogo, baraza la tatu ni kwetu. Ukichanganyikiwa shuka tu na mteremko, vichochoro vinavoshuka vyote vinakutoa pwani uanze upya. Na ukiona wazee wamekaa barazani wasalimie, usiwatolee simu, waulize kwa kina Fatma wa Bi Khadija, watamwita mtoto akuongoze mpaka mlangoni, hilo nalipenda sana kwetu na nataka ulione.

Simu ije na chaji, GPS inakula betri. Ukikaribia Mokowe nibipu niteremke gatini, na kama unataka samaki wa kupaka nambie mapema, nazi nikune asubuhi.

Wako,
Fatma