Barua kwa mwanangu: hayo mayai ya nyufa

Mwanangu,

Mama yako kaninong'oneza jana usiku, utadhani analeta habari ya posa, kwamba huko Dodoma umeshapata mtu wa kukuuzia mayai ya nyufa kwa nusu bei, na ukifika tu unaanza keki za biashara. Ningekwambia kwa mdomo, ila wewe ukishajibu "sawa baba" najua hujasikia. Niko kibandani hapa Kirumba, wateja bado, viazi nimeshamenya.

Usinunue mayai ya nyufa. Juu ya ganda kuna kinyesi cha kuku, na ganda likishapasuka uchafu una njia ya kuingia. Utasema keki inaiva. Inaiva, sawa, na kidole unacholamba kuonja sukari, nacho kimeiva?

Hata mazima, kila yai livunjie kwenye kikombe kwanza, ulinuse, ndipo umimine. Yai viza moja likiingia kwenye siagi na sukari uliyokwisha kupiga, umemwaga bakuli zima. Ukiwa na shaka litie kwenye maji: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, la zamani kabisa huelea kwa sababu hewa ndani imeongezeka. Lenye ufa usihangaike kulipima, liache kwa mwenye duka.

Keki uliyowapikia watu wa kipaimara niliona walivyoigombania. Sikusema kitu siku ile, basi nasema leo. Ila chini iliungua. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini ubakize machache, umesikia? Na kastadi yako ilishika mabonge kwa sababu ya haraka zako: ulimwaga mayai kwenye maziwa yanayochemka. Koroga mayai pembeni, uyatilie maziwa ya moto kidogo kidogo, ndipo urudishe jikoni kwenye moto mdogo. Hata zege langu, hizi chipsi mayai, siligeuzi mpaka pembeni pakauke, na mteja akipiga kelele ana njaa namwambia kachumbari hiyo hapo, anza nayo.

Najua hesabu utakayoniletea. Trei ni mayai 30, hata ukitupa 5 bado faida ipo. Hesabu hiyo niliipiga mimi wewe hujaanza shule. Trei 2 kwa bei ya 1, na kodi ya kibanda nilikuwa nadaiwa. Wiki ile kaka yako alipolazwa tulisema ni maji. Maji ya bomba hayakuwa na kosa. Mama yako hajui, na barua hii usiiache mezani.

Kwa hiyo mayai ya nyufa, hapana. Hata akikupa bure.

Bati la jikoni bado linavuja, fundi kasema Ijumaa, Ijumaa ipi hakusema. Kuku mwekundu anaatamia chini ya kitanda chako, mayai 9, usimfukuze unapopanga nguo. Mfuniko wa sufuria kubwa usiubebe, mama yako ataniuliza mimi. Jumamosi tuwe stendi ya Nyegezi mapema, nimeshaongea na bodaboda.

Mchanga wa kuokea nimekuchotea ziwani, nimeuosha mara 3 na kuuanika. Ndiyo, najua Dodoma kuna mchanga. Ubebe hivyo hivyo. Kikombe cha kuvunjia mayai nimekizika humo humo ndani, kile cha bati.

Baba yako