Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: tangazo la siasa tulione sote

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, mikono bado inanuka karafuu.

Kampeni zilizopita nilikuwa barazani nachambua karafuu na mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Nungwi anakofanya kazi ya hoteli. Simu yangu ikaleta tangazo la kulipiwa: chama fulani, sikitaji, kinaahidi bei nzuri ya karafuu. Yake, kutoka ukurasa uleule, ikaleta ahadi ya mishahara ya hotelini. Karafuu haimo hata kwa dawa. Tukaziweka simu mbili juu ya jamvi, tukacheka. Usiku ndipo nikajiuliza: watu wa Makunduchi wao wameambiwa nini?

Mbao za maskani, vile vijiwe vya wafuasi wa vyama, unazijua. Zina maneno makali, mengine ya kuudhi hasa. Lakini ubao umesimama njiani, anausoma wa chama hiki na wa chama kile, na maskani ya nani inajulikana. Ukitukanwa, unajua pa kwenda kugombana. Tangazo la simu ni mnong'ono wa kulipiwa.

Wapo wanaotaka matangazo haya yapigwe marufuku. Twitter iliyafungia Novemba 2019, ikayarudisha 2023. TikTok haiyapokei. Umoja wa Ulaya ulipodai uwazi, Meta, wenye Facebook, na Google ziliona afadhali ziache kuyauza huko. Ilipofika Oktoba 2025 zilikuwa zimeshaacha. Mimi marufuku siitaki. Mgombea uwakilishi asiye na gari la vipaza sauti, na ambaye televisheni haimjui, kwa shilingi chache anawafikia watu wa jimbo lake. Ukimfungia huyo, mkubwa hapungukiwi kitu. Tena marufuku haimgusi anayelipwa kichinichini kumsifu mtu kwenye ukurasa wake.

Ninaloomba ni kifungu kimoja katika maadili ya uchaguzi. Kila chama na kila mgombea alete kwenu nakala ya tangazo alilolipia mtandaoni, fedha alizotoa, na aliowachagua walione: umri gani, eneo gani. Myaweke kwenye tovuti siku ileile, na kwa sisi wa shamba myabandike kwenye ubao wa ofisi yenu ya wilaya. Meta wenyewe wana maktaba ya matangazo ambayo yeyote anaweza kuipekua, kwa hiyo wa kuficha mtamkamata bila ya kazi kubwa.

Ya Wete nitakuja kuyasoma mwenyewe, baada ya sala ya Alasiri.

Mkulima wa karafuu,
Wete, Pemba