Waigizaji wa nafasi ndogo nao wapewe mkataba

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu malipo ya waigizaji wanaocheza baba mkwe, mganga au mlinzi wa geti katika filamu zinazopigwa hapa Mbeya. Wengi wametoka jukwaani na ndio wanaoibeba hadithi, lakini hulipwa kwa siku, kwa makubaliano ya mdomo. Filamu ikiuzwa kwa televisheni, hawana cha kudai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, ila bila karatasi atathibitisha nini?

Ukurasa mmoja unatosha: siku za kazi, nauli, chakula, filamu itaonyeshwa wapi, na nyongeza ikitumika kwenye matangazo. Zisainiwe nakala mbili kabla ya kamera kuwashwa; baada ya hapo simu za watayarishaji huwa hazipatikani. Maafisa utamaduni wa halmashauri wavigawie vikundi mkataba wa mfano.

Mdau wa sanaa,
Mbeya