Sanaa si kituo cha kugongea mihuri

Ndugu Mhariri,

Naamini bado mnaikumbuka taarifa yenu kuhusu matembezi ya sanaa yaliyofanyika katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ile iliyopambwa kwa picha ya mshindi akiwa ameikumbatia friji kama mtu aliyempokea jamaa yake kutoka safari. Nimeisoma taarifa hiyo kutoka juu hadi chini nikitafuta jina la mchoraji mmoja, mchongaji mmoja, au walau mshona kofia mmoja, na sikuambulia kitu. Jina la mshindi lipo. Jina la mdhamini lipo, tena limerudiwa. Ukubwa wa friji umetajwa kwa lita. Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila ya kuwaandikia hata mstari mmoja, nikijiambia kwamba kazi ya fundi ni patasi na kalamu ina wenyewe, lakini safari hii nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekubali kwamba siku ile watu walikuja mtaani kwetu kwa ajili ya friji.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawakuhudhuria, mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mgeni alinunua kadi yenye visanduku vitupu, na kila kisanduku kilikuwa na jina la kituo: karakana ya mchongaji, chumba cha mchoraji, nyumba ya bibi anayeshona kofia za vito, baraza ya msuka ukili. Akifika kituoni anagongewa muhuri. Kadi ikijaa mihuri yote inatumbukizwa sandukuni, na alasiri inachezeshwa droo. Wapo waliouliza msikitini iwapo jambo hili la kutoa fedha kwa ajili ya kadi na kungojea bahati lina tofauti gani na kamari, na suala hilo nawaachia masheikh, kwa kuwa wao ndio wenye elimu yake. Langu mimi ni dogo zaidi. Nasema kwamba muhuri huo ndio uliowazuia wageni wasitazame kitu chochote.

Karakana yangu ilikuwa kituo. Siku hiyo nilikuwa ninamalizia mfaa, ule mti wa katikati unaosimama baina ya mbao mbili za mlango, wa mteja aliyekuwa ameniagiza tangu kabla ya Ramadhani. Ni kipande cha msaji, na kwa urefu wake wote nilikuwa nimechonga mnyororo, samaki karibu na ncha ya chini, na waridi moja juu na jengine chini, yote mawili yakiwa na petali zinazopandana. Kazi ambayo haiendi kwa pupa, kwa sababu ukiupeleka mkono kinyume na uzi wa mti, petali inachanika na waridi linapoteza ukingo wake. Niliulaza mfaa juu ya meza ili wageni wauone kwa karibu, hata waupapase kwa vidole wakitaka, maana ndivyo nilivyoelewa nilipoambiwa kwamba watu watatembea kuangalia sanaa. Waliingia kwa makundi. "Shikamoo mzee, muhuri uko wapi?" ndiyo salamu niliyoipata asubuhi nzima, na wengine hiyo shikamoo yenyewe waliiacha nje. Baba mmoja mwenye watoto wawili alinikuta nimeinama na patasi mkononi, akaniambia, "Ami, tugongee haraka, vimebaki vituo vitatu na droo ni saa kumi." Nikamwambia akae kidogo nimwoneshe mwanawe mdogo namna jicho la samaki linavyochongwa, kwa kuwa mtoto huyo, peke yake katika umati wote wa siku ile, alikuwa amesimama akimtazama samaki. Baba hakungoja. Aliuchukua muhuri mwenyewe pale dirishani, akazitandaza kadi zake tatu juu ya mfaa, akagonga moja, akagonga ya pili, ya tatu ikateleza, muhuri ukaangukia juu ya waridi, na pedi ya wino ikafuata. Wino wa buluu, juu ya mti ambao bado haujapakwa mafuta. Mtoto akaanza kulia kwa kuogopa. Baba akasema, "Samahani mzee, si utapitisha msasa tu?", akaangalia saa yake, na wakatoka. Msasa, Ndugu Mhariri, hupitishwa kwenye ubao ulio sawa. Kwenye waridi haupiti. Ilinibidi nizishushe petali zote, moja baada ya moja, ili ile iliyofyonza wino isionekane imezama peke yake, na hata hivyo mtu anayejua kuangalia atakaposimama mbele ya mlango huo ataona kwamba waridi la juu limekonda kuliko la chini. Nilipowapelekea waandaaji habari hizi walinijibu kwa upole sana kwamba kituo changu kilikuwa miongoni mwa vilivyogonga mihuri mingi, na wakanipongeza.

Laiti kadi yenyewe ingemfundisha mtu kitu, ningesema basi, tumeharibikiwa lakini tumefaidika. Kituo changu kilipewa sentensi moja tu, nayo ilisema kwamba misumari ya shaba kwenye milango ya Zanzibar iliwekwa ili kuzuia tembo. Tembo gani huyo, katika vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani? Habari ya tembo wa vita ni ya Bara Hindi. Misumari ilipofika huku ilikuwa pambo, na alama ya uwezo wa mwenye nyumba. Sentensi hiyohiyo moja ingeweza kumwambia mgeni kwamba milango yetu ya kale zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi kikiwa na maandishi ya Kiarabu, na kwamba ile yenye upinde juu na majani yaliyosongamana ilienea kuelekea mwisho wa karne ya 19, kwa athari ya Wahindi waliokuwa wakijenga na kufanya biashara hapa. Mtu akishayajua hayo mawili anaweza kutembea kutoka Shangani hadi Malindi akiisoma milango mwenyewe, na wala hahitaji kadi ya mtu.

Kuna na suala la namba za vituo, ambazo vijana walizibandika kwa gundi juu ya miimo ya milango, mingine ikiwa na umri kuliko babu zetu, na zilipobanduliwa ziliondoka na ngozi ya mti. Nilipomkemea mmoja wao, alininyooshea kidole, na kwa haki kabisa, nyaya za umeme zilizopigiliwa misumari kwenye kizingiti kilekile, na bomba la kiyoyozi linaloudondoshea mti maji mchana na usiku. Nikakosa la kumjibu. Mji huu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ni mji huuhuu ambao tarehe 25 Disemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ikiporomoka. Jumba hilo halikuwa na upungufu wa wageni wala wa picha. Kwa hiyo waandaaji wanaponiambia kwamba idadi ya waliopita mlangoni kwangu ndiyo ushahidi wa mafanikio, wanisamehe nikiuliza ni nini hasa kilichofanikiwa.

Najua watakachosema: bila ya zawadi watu hawaji. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi chetu cha taarabu, imekuwepo tangu mwaka 1905 na sijasikia kwamba iliwahi kumtolea mtu friji ili aje asikilize taarabu. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, ilianza mwaka 2004, na watu wanatoka nchi za mbali, kwa nauli zao, kuja kusimama Ngome Kongwe hadi usiku wa manane. Na katika taarabu, kila aliyelelewa hapa anajua nani humtunza nani. Bibi anayekunwa na shairi hunyanyuka mwenyewe, akaenda mbele kwa madaha yake, noti ikiwa juu ili mahasimu waione, akamtunza mwimbaji. Fedha inatoka kwa aliyefurahi inakwenda kwa aliyemfurahisha. Sisi katika matembezi yetu tumeipindua desturi hiyo miguu juu. Mtazamaji ndiye anayetunzwa kwa kukubali kutazama, ambako hata hivyo hatazami, na msanii ndiye anayechangia zawadi.

Ndiyo, anachangia. Kila kituo kiliombwa kutoa kazi moja kwa ajili ya droo, kwa moyo wa kujitolea kama barua yao ilivyosema. Nilitoa kijikasha cha msaji chenye misumari ya shaba, cha mtindo wa yale makasha ambayo zamani bibi harusi alihamia nayo kwa mumewe. Friji ikawa zawadi ya kwanza. Malazi ya hotelini yakawa ya pili. Kijikasha changu, pamoja na michoro, kofia na mikeka ya wenzangu, vikarundikwa juu ya meza ya pembeni, na mshereheshaji akavitangaza kwa kipaza sauti kuwa ni zawadi za kufutia machozi. Kofia ya vito, ambayo bibi yule huishona tundu kwa tundu kwa sindano nyembamba mpaka macho yanamuuma, ilitolewa jukwaani ili kumliwaza mtu aliyekosa friji! Bibi mwenyewe alikuwepo, amekaa safu ya nyuma, na alipiga makofi kwa sababu ana adabu. Mwandishi wenu naye alikuwepo.

Ikiwa waandaaji wamekusudia kuyarudia matembezi haya mwakani, nina mapendekezo. La kwanza ni kwamba friji iwekwe Darajani, karibu na soko, na mihuri ya vituo vyote ifungwe kwa kamba kuizunguka. Anayeitaka atazunguka, atagonga kadi yake ndani ya dakika tano, ataitumbukiza sandukuni na kurudi nyumbani kabla ya jua kuwa kali, na hatahitaji kumpita mtu yeyote mwenye patasi. Hili nalisema kwa nia njema. Litawapunguzia hata gharama ya wino.

La pili, ikiwa ni lazima muhuri ubaki karakana, basi ukae mfukoni mwa msanii na usitoke mpaka mgeni ajibu swali ambalo linajibika kwa macho tu. Kwangu nitauliza samaki ameelekea upande gani. Bibi wa kofia atauliza lake, msuka ukili lake, na maswali yabadilishwe adhuhuri, kwa sababu nawajua watu wetu, majibu yatakuwa yameshasambazwa kwa simu. Zawadi ya kwanza iwe ni agizo: mdhamini alipe bei ya friji ileile kwa msanii ambaye mshindi atamchagua, na mshindi aje mwenyewe kuamua anataka achongewe au achorewe nini. Asitume dereva.

Na kwenu nyinyi wa gazeti ombi langu ni jepesi. Majina ya wasanii wote yachapwe, kwa herufi za ukubwa uleule zinazotumika kwa mdhamini. Kama nafasi ni finyu, punguzeni lita.

Aliyekipata kijikasha changu, ikiwa anasoma barua hii, namuomba asikiweke juani wala asikipake vanishi; kukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kunatosha. Chini ya droo inayoonekana mna droo nyengine ya siri, na hakuna aliyeniuliza inafunguliwaje. Aje karakana siku yoyote baada ya sala ya Alasiri nimwoneshe. Kadi asije nayo.

Fundi mchonga milango,
Mji Mkongwe, Zanzibar
(Jina limehifadhiwa)